Baba naye ni kimbilio la mtoto

Katika fomu za familia tunazopokea kila robo mwaka kutoka parokiani kuna nafasi iliyoandikwa "mlezi wa mtoto". Karibu kila mara nafasi hiyo hujazwa jina la mama, au la bibi, au la shangazi, hata pale ambapo ukurasa wa pili wa fomu hiyo hiyo unaonyesha kwamba baba yupo, analala nyumbani na ndiye anayenunua unga. Hatuzilaumu kamati. Zimeandika kile ambacho jamii nzima inakiamini, kwamba kulea ni kazi ya mama na baba ni mtafutaji. Katika toleo hili tumeona ni vema tuwaeleze wanakamati na wafadhili wetu kwa nini imani hiyo inamnyima mtoto kitu kikubwa, na kwa nini tunapendekeza sehemu ya kazi yetu ya malezi ielekezwe kwa akina baba.

Mfungamano ni nini?

Wataalamu wa makuzi huzungumzia mfungamano kati ya mtoto na mtu anayemlea. Neno laweza kuonekana gumu, lakini jambo lenyewe kila mzazi amelishuhudia. Mtoto wa miezi 8 akiwekwa mikononi mwa mgeni hulia na kumnyooshea mikono mtu wake. Akianza kutambaa huenda mbali kidogo, hugeuka kuangalia kama mtu wake bado yupo, kisha huendelea na mchezo. Akianguka, au radi ikipiga, humkimbilia. Huyo ndiye kimbilio lake, na kwa sababu kimbilio lipo mtoto hupata ujasiri wa kwenda kuijua dunia.

Mfungamano haujengwi na damu peke yake wala na chakula peke yake. Hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa mara nyingi sana. Mtoto analia, mtu anakuja. Anacheka, mtu anacheka naye. Anaogopa, mtu anamshika mpaka atulie. Mambo hayo yakirudiwa mamia ya mara mtoto hujifunza kwamba akiita ataitikiwa, na mafunzo hayo huenda nayo shuleni na kwa marafiki. Yule anayeitikiwa kwa kofi, au asiyeitikiwa kabisa, naye hujifunza. Hujifunza kunyamaza, au kupiga kelele zaidi.

Aliyeweka msingi wa elimu hii ni daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto. Ripoti hiyo ilisaidia kubadili namna watoto walivyotunzwa katika hospitali na katika vituo vya yatima. Lakini ndani yake baba alionekana hasa kama mtu wa kumtegemeza mama kwa fedha na kwa faraja. Kwa miaka mingi waliofuata nyayo zake walimtazama mama tu.

Wengi wetu hatujui kwamba mojawapo ya tafiti za kwanza kabisa za jambo hili ilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, nchini Uganda. Alikwenda kila baada ya wiki mbili hivi, akakaa nao sebuleni kwa saa kadhaa, akatazama watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Alikwenda kuwatazama akina mama, lakini aliona jambo ambalo hakulitafuta. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungamana na baba zao kwa nguvu, hata wale ambao baba zao walionekana nyumbani kwa nadra. Kwa maoni yake, lazima kulikuwa na kitu katika namna baba alivyokuwa na mtoto, upole au uchangamfu wa mchezo, kilichozidi uchache wa muda wao pamoja.

Baada yake wengine walipata matokeo yanayokwenda njia hiyo hiyo. Huko Glasgow, Uskoti, watafiti Schaffer na Emerson walifuatilia watoto 60, na taarifa yao ya mwaka 1964 ilionyesha kwamba walipofikia miezi 18 takribani watoto 3 kati ya 4 walikuwa wamefungamana na baba pia. Kwa upande mwingine wako Waaka, watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville. Mtafiti Barry Hewlett, aliyeandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1991, alikuta baba wa Kiaka huwa amemshika mtoto wake mchanga, au yuko mahali anapoweza kumfikia kwa mkono, kwa karibu nusu ya saa zote za siku. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanamume kumbeba mtoto si desturi ya Kiafrika aulizwe anazungumzia Afrika ipi.

Hata mwili wa baba hubadilika. Utafiti uliofanyika Cebu, nchini Ufilipino, na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanaume 624 na kuona kwamba homoni ya kiume hushuka mwanamume anapopata mtoto, na iko chini zaidi kwa wale wanaomhudumia mtoto saa 3 au zaidi kwa siku. Akina baba wasiogope, hakuna uanaume uliopotea. Maana yake ni kwamba Muumba hakuwaandaa akina mama peke yao kwa kazi hii.

"Ngoja baba yako arudi"

Sentensi hii tunaisikia katika nyumba nyingi tunazozitembelea. Mama amechoka, mtoto amemwaga maji au amempiga mdogo wake, na mama anamtishia kwa baba. Siku nzima mtoto hukaa akingoja. Jioni mlio wa pikipiki au baiskeli ukisikika, nyumba nzima inanyamaza. Redio inapunguzwa na watoto wanaingia chumbani au wanajifanya kusoma. Baba anaingia, anakuta utulivu, anafurahi, na anasema watoto wake wana heshima.

Sisi tunaona huo ni uoga, na uoga na heshima si kitu kimoja. Mtoto mwenye heshima humsogelea baba na kumsalimia, humpokea mzigo, na akikosea hukiri. Mtoto mwoga hujifunza kujificha vizuri. Tofauti hiyo haionekani sana siku za kawaida. Huonekana siku mtoto anapopata shida ya kweli.

Tuseme wazi shida tunayoifikiria. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takribani mvulana 1 kati ya 7, walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kijinsia. Mtoto aliyetendewa hivyo na jirani, au na mtu mwenye mamlaka juu yake, anahitaji kumwambia mtu mzima. Kama baba ni mtu wa kuogopwa, mtoto atafikiri kwanza, "Atanipiga mimi." Kama mama naye humtegemea baba kwa kila uamuzi, njia zote mbili zimefungwa. Tunaweza kuchapisha mabango ya ulinzi wa mtoto kila mwaka na kuyabandika kila kigango, lakini mtoto ambaye hana wa kumwambia hatasaidiwa na bango.

Kila tunapozungumza hivi katika semina, mzee mmoja husimama na kutukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli. Mtoto asiyekatazwa kitu huharibika, nasi hatufundishi kuwaachia watoto wafanye wapendavyo. Ila methali inasema usiogope machozi ya mtoto pale inapobidi kumrudi. Haisemi baba awe mtu ambaye mtoto hawezi kulia mbele yake. Mtume Paulo anapowaandikia Wakolosai, katika sura ya 3, anawaonya akina baba wasiwasumbue watoto kiasi cha kuwavunja moyo. Onyo hilo halikuelekezwa kwa walezi wote kwa jumla, liliwataja akina baba.

Baba aliye mbali

Baba wengi wa parokia zetu hawako nyumbani kwa sababu ya kazi. Wako machimboni, ziwani kwenye dagaa, kwenye malori ya masafa marefu, au mjini wanakofanya vibarua. Hao wasisome makala hii kama hukumu. Kile Ainsworth alichokiona Uganda kinawapa matumaini zaidi kuliko wengine, maana kwa mtoto namna baba anavyokuwa naye wanapokuwa pamoja ina uzito kuliko wingi wa siku.

Simu imerahisisha mambo ambayo zamani yalishindikana. Lakini tumegundua kwamba baba aliye mbali akipiga simu huzungumza na mama kuhusu fedha, ada na mgonjwa, kisha salio linakwisha. Mtoto husikia jina la baba likitajwa pamoja na matatizo. Dakika mbili zikitengwa kwa ajili ya mtoto, hata yule wa miaka miwili anayeweza kusema neno moja tu, sauti ya baba itakuwa kitu anachokijua. Ahadi nayo ni jambo kubwa. Baba akisema atakuja Jumamosi na asije, afadhali apige simu kueleza kuliko kunyamaza, kwa maana mtoto hana njia ya kujua kwamba basi liliharibika. Anachojua ni kwamba alingoja.

Kurudi nyumbani ni mahali ambapo baba wengi huumizwa. Amekaa miezi 6 machimboni, amekuja na zawadi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anampigia mayowe na kumkimbilia bibi. Baba hudhani mtoto amelishwa maneno, au humvuta kwa nguvu ili amzoee haraka. Kumbe kilio hicho ni dalili kwamba makuzi ya mtoto yako sawa, kwani anawatofautisha watu wake na wageni, na baba kwa sasa ni mgeni. Dawa yake ni kukaa chini karibu naye bila kumshika, kucheza na kitu mbele yake, kuzungumza na mama kwa furaha mtoto akiwa anatazama, na kumwacha asogee mwenyewe. Huenda ikachukua siku 2 au 3. Baadaye baba amwogeshe na amlishe, kwani mtoto mdogo hujifunza mtu kwa mikono yake kuliko kwa zawadi zake.

Kwa walioajiriwa rasmi nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya baba isiyopungua siku 3 baada ya mtoto kuzaliwa. Kenya kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007 iliweka wiki 2. Wakulima na wavuvi, ambao ndio wengi kwetu, hawana wa kuwapa likizo, na siku hizo ni wao wenyewe wa kujipangia. Wengi huwaachia akina mama wakwe na kwenda kukaa kijiweni mpaka waitwe.

Mfano tulio nao kanisani

Mtakatifu Yosefu tumezoea kumhubiri kama mfanyakazi. Kila tarehe 1 Mei tunasali kwa ajili ya wafanyakazi, na ni vema. Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa waraka wa Patris corde tarehe 8 Desemba 2020, miaka 150 tangu Yosefu atangazwe msimamizi wa Kanisa zima, alitukumbusha upande mwingine. Alimwita baba mpole, na alieleza kwamba kuzaa mtoto hakumfanyi mtu kuwa baba, mpaka achukue wajibu wa kumtunza. Katika Injili hatusikii Yosefu akisema hata neno moja. Tunamwona akiamka usiku, akimchukua mtoto na mama yake, akitembea nao mpaka Misri. Tungependa mahubiri ya Siku ya Familia yatumie picha hiyo walau mara moja, sambamba na ile ya seremala.

Vilevile baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, hakungoja mlangoni. Kwa desturi za wakati ule, kama ilivyo kwetu, mzee mwenye mali kukimbia barabarani mbele za watu ni aibu. Alikimbia.

Kilichojaribiwa kwa jirani

Nchini Rwanda kuna mpango uitwao Bandebereho uliowakusanya wanaume wenye watoto wa chini ya miaka 5, au wanaotarajia mtoto, katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume walialikwa kwenye vikao 15, na wake zao walijiunga nao katika vikao 8. Waliowaongoza walikuwa akina baba wenzao wa kule kule waliopewa mafunzo, si wageni kutoka mjini. Walizungumza juu ya mimba na kliniki, fedha za nyumbani, ugomvi, ulezi, na namna wao wenyewe walivyolelewa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, baada ya kulinganisha jumla ya wenzi 1,199, yalionyesha kwamba katika nyumba za walioshiriki kipigo kwa wake kilipungua, adhabu ya viboko kwa watoto ilipungua, na wanaume walitumia muda mwingi zaidi kwa watoto na kazi za nyumbani. Ufuatiliaji wa miaka 6 baadaye ulikuta sehemu kubwa ya mabadiliko hayo bado ipo. Kwetu hilo la mwisho ndilo la kuvutia, maana tumeona semina nyingi ambazo matunda yake hukauka kabla ya fomu za malipo.

Lakini tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, ziko nyumba nyingi zisizo na baba, kwa kufiwa au kwa kutelekezwa, na akina mama na mabibi wanaolea peke yao wasije wakatoka kanisani wakijiona wamelaaniwa. Mtoto hufungamana na mtu anayemwitikia, awe mjomba, babu, au kaka mkubwa aliyetulia, na bibi mmoja mwenye upendo anaweza kumlea mtoto akawa imara. Pili, mahali ambapo baba ni mkatili, kazi ya kwanza ni usalama. Mwanakamati asimrudishe mama kwenye kipigo kwa hoja kwamba mtoto anamhitaji baba. Mtoto anayeshuhudia mama akipigwa naye anaumia. Kesi kama hizo ziende kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, kisha ushauri wa kiroho ufuate.

Tunachoomba kwa kamati na kwa wafadhili

Sehemu kubwa ya tatizo ni ratiba zetu wenyewe. Tunaitisha mkutano wa wazazi Jumanne saa 4 asubuhi, kisha tunasikitika kwamba wamekuja akina mama tu. Mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo wa watoto ni nafasi ambayo baba wengi huja, kwa kuwa jina lao linahitajika, na kipindi kimoja hapo kingeweza kutengwa kwa ajili ya malezi ya mtoto chini ya miaka 3. Vikao vya akina baba vifanyike Jumapili baada ya Misa ya pili, au jioni baada ya shamba. Viongozwe na mwanamume ambaye wenzake wanamheshimu na ambaye watoto wake wanamkimbilia anaporudi nyumbani. Sifa hiyo ya pili tunaithamini kuliko cheti.

Serikali ya Tanzania nayo ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, hivyo kamati zitakazozungumza na maafisa wa halmashauri zitakuta lugha hii si ngeni kwao.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Kisima hupigwa picha na darasa huhesabiwa madawati. Baba anayemwogesha mtoto wake hapigwi picha, na tusingependa apigwe. Gharama zenyewe ni ndogo: mafunzo ya wawezeshaji, vitini, chai, na nauli ya msimamizi anayezunguka vigangoni. Hatutalipa posho ya kuhudhuria, ingawa tunajua baadhi ya kamati zitanung'unika. Baba akilipwa ili akae na wenzake azungumze juu ya mwanawe, vikao vitakwisha siku fedha zitakapokwisha. Katika taarifa zetu tutawaletea idadi ya vikundi na mahudhurio, pamoja na majibu ya maswali matatu tutakayowauliza akina mama kabla ya vikao na miezi 6 baada yake: mtoto hufanya nini baba anapoingia nyumbani, akiumia humwendea nani, na ni lini mara ya mwisho baba alikaa naye akacheza.

Parokia zinazotaka kuanza zitume maombi pamoja na taarifa ya robo mwaka ijayo, zikitaja idadi ya vikundi vinavyotarajiwa, kigango, na jina la mwezeshaji aliyependekezwa na jumuiya. Pasipopatikana mwanamume aliye tayari kuongoza, tuandikieni hivyo hivyo, nasi tutawaombea mmoja kutoka parokia jirani kwa vikao vya mwanzo.